Swichi ya Chumba cha Fundi

Ninyi vijana mtakaosoma hapa, kaeni vizuri kwanza. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kusoma nilisomea kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari nimezaa watoto sita, kwa hiyo mkikuta kosa lirukeni mwendelee. Juzi niliwasikia sebuleni mnabishana juu ya michezo ya televisheni, upi mzuri, upi takataka, na mmoja wenu akasema, "Ayeyo hajui mambo haya." Ayeyo, bibi yenu, anajua. Mambo haya yalikuwa uani kwangu hapa Garissa kabla hamjazaliwa, wanaume wazima wenye ndevu wakipigania kamba za mashine kama ninyi. Mwenye mashine alikuwa jirani yangu kwa miaka, na juu yake nina neno la kusema. Nyamazeni nilimalize.

Alikuwa fundi wa redio. Sote tulimwita Fundi, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Asili yake sitawaambia kwa sababu siijui. Mnajua huku kwetu mgeni huulizwa baba, babu, na baba wa babu kabla hajamaliza kikombe cha chai. Fundi aliulizwa. Akasema, "Natoka chini, kule mto unakokwenda."

Dalali wa soko la mifugo akamwambia, "Mto una watu wengi. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa redio."

Wakacheka, wakamwacha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena. Nilidhani ni heshima.

Chumba chake kilikuwa kile cha pembeni, ambacho zamani tulikuwa tunaweka ngozi. Mlango wake ulitazama jiko langu. Stima yake ilitoka kwangu, na swichi yake ilikuwa kwenye ukuta wa jiko, juu ya mtungi wa maji. Kumbukeni hiyo swichi.

Alikuwa mwembamba, bega moja limeshuka kwa kuinamia meza. Miwani yake mkono mmoja ulikuwa wa waya. Alinuka lehemu, ile ya kuunganishia nyaya, hata siku ya Idi baada ya kuoga na kujipaka mafuta. Mtu akileta redio akisema imekufa, alikuwa anajibu, "Haijafa. Imenyamaza." Hata ikiwa imekanyagwa na ngamia. Dalali alimletea moja kweli imekanyagwa na ngamia, katika mfuko, vipande. Fundi akachungulia ndani ya mfuko muda mrefu, akasema, "Hii imenyamaza sana."

Ngamia aliwaogopa. Akiona ngamia anapita barabarani alikuwa anaingia ndani na kufunga komeo. Lakini nyaya zenye moto alizishika kwa vidole vitupu. Mimi nilimwambia mbele za watu, "Wewe akili yako imepinduliwa." Akasema, "Mama, waya najua inataka nini."

Wakati huo watu wetu walikuwa hawaandikiani barua. Walizungumza ndani ya kaseti, kaseti ikasafiri na mtu. Mwenye mtoto Rhamu, mwenye dada ng'ambo, wote walipata kaseti, na redio ikiimeza kaseti hiyo walimkimbilia Fundi huku wanalia. Alikuwa anaifungua, anaitoa ile tepu nyembamba polepole kama mtu anayetoa mwiba, kisha anaijaribu. Nilimtazama mara nyingi. Mtu aliyerekodi akisema "Assalamu aleikum," Fundi alibonyeza, akazima. Hakusikiliza neno la pili. Nikamuuliza kwa nini. "Salamu inanitosha kujua spika," alisema. "Mengine si yangu."

Yeye kaseti hakuletewa hata moja. Hiyo niliihesabu mimi.

Mashine ya michezo aliileta dereva wa lori la Hulugho, imetoka Islii, kule Nairobi, na imeharibika. Mke wa dereva hakuitaka nyumbani kwake, kwa hiyo Fundi alipoitengeneza ikabaki hapo. Kisanduku cheupe, rimoti mbili zenye nyaya, na kaseti pana za rangi za kuchomeka juu. Fundi akaweka televisheni juu ya kreti la soda mlangoni, akatandika mkeka nje kivulini, na baada ya swala ya alasiri wanaume wakaanza kuja. Kwanza walikuja kuangalia tu. Kisha wakawa wanacheza. Kisha, kama mnavyojua watu wetu, wakawa wanatoa hukumu.

Hukumu yenyewe ilikuwa na utaratibu, na aliyeuleta ni Dalali. Pale sokoni, dalali na mnunuzi hawapigi kelele za bei. Wanafunika mikono yao kwa shali, wanabonyezana vidole chini yake, na wanaosimama kando hawajui kitu. Basi mchezo mpya ukishachezwa na kila mtu, Dalali alivua shali yake begani, akazunguka mkeka mzima. Kila mtu aliingiza mkono chini ya shali na kumbonyeza vidole, kimoja mpaka vitano. Hivyo mdogo hakumwogopa mkubwa, wala mtu hakumuiga shemeji yake. Mwisho Dalali alisimama na kutangaza.

Kabla ya vidole lakini, kelele. Walizungumza juu ya michezo kama wanavyozungumza juu ya mnyama anayezungushwa sokoni. Kulikuwa na mchezo mmoja wa vifaru vya vita. Dalali akasema, "Hiki kifaru kinatembea kama ng'ombe mwenye kwato mbovu."

"Kwato ziko sawa," dereva akamjibu. "Mkono wako ndio mbovu."

"Mkono huu umeuza ngamia nusu ya Garissa!"

"Ndiyo maana nusu ya Garissa wanakutafuta."

Na mmoja wa mbio za pikipiki Dalali aliukataa kabisa. "Una miguu, hauna maziwa," akasema. "Unakimbia, unakimbia, mwisho wake hupati hata tone." Ukapata kidole kimoja, na mwenye kuuleta akakasirika, akaondoka nao mfukoni.

Fundi mwenyewe hakukaa mkekani. Alisimama nyuma mlangoni, bisibisi mkononi, kama mhudumu wa hoteli. Kucheza alijua kuliko wote. Siku moja walimlazimisha, akashika rimoti, akaenda na vifaru mpaka mwisho wa mchezo bila kufa hata mara moja. Alipomaliza, hakuna aliyesema mashallah. Wakakung'uta makanzu yao, wakaenda. Hakucheza tena mbele yao. Nilipomuuliza akasema, "Nikicheza, wanakwenda nyumbani."

Sasa swichi. Adhana ya magharibi ikilia na wanaume bado wako kwenye kile kisanduku, mimi sikuita mtu mara mbili. Nilinyoosha mkono juu ya mtungi, nikazima. Uani wote ukapiga ukelele.

"Edo! Dakika moja tu, wallahi, tunakaribia!"

"Hiyo dakika nenda nayo msikitini," niliwaambia. Edo ni shangazi, ndivyo walivyoniita.

Nilifanya hivyo kila siku, kwa miaka. Wala sikuona kosa. Kaseti naijua mimi. Redio ukiizima katikati ya mawaidha, kesho ukiwasha, shehe anaendelea pale pale alipokata neno. Nikajua na hizi kaseti pana ni vile vile, vile vijitu vinasimama, vinangoja, watu wakitoka kuswali wanavikuta. Kelele zao nilizichukua kuwa uvivu wa swala. Fundi hakupiga kelele. Alichukua birika lake, akaenda kutawadha.

Baadaye mashine mpya ikaja mjini, karibu na stendi ya mabasi. Ilitumia CD, na watu wa ndani ya michezo yake walikuwa wanene, wana pua, wana vidole. Nusu ya mkeka ikahamia huko. Ndipo Fundi akatafuta kaseti nyingine kwa dereva, na dereva akaleta moja ya kijani ambayo hakuna aliyekuwa ameiona.

"Hii ni mpya," Fundi akawaambia. "Imetengenezwa sasa hivi, lakini kwa mtindo wa zamani."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Watu wawili wadogo, mmoja mbele, mmoja nyuma, wamebeba mti mabegani na mtungi wa maji unaning'inia katikati. Wanapanda vilima. Kila mmoja ana rimoti yake. Mmoja akikimbia kumzidi mwenzake, mtungi unayumba, maji yanamwagika, mnarudishwa chini ya kilima cha kwanza. Peke yako huwezi kwenda hata hatua.

Ubishi wa siku hiyo ulifika mpaka kwenye mafiga yangu.

"Nani atengeneze kitu kizee kwa makusudi?" Dalali alisema. "Huo ni udanganyifu. Ni kumpaka hina mbuzi mzee na kusema ni mwana-mbuzi wa jana. Kule stendi mtu anaonekana mpaka kucha!"

Dereva akamuuliza, "Wewe katika ploti yako ya mawe, ile herio, kibanda cha miti na mikeka, umeijenga ya nini?"

"Ile ni ya mama yangu. Chini ya mabati hapati usingizi. Usimtie mama yangu katika mchezo."

"Umeijenga lini?"

"Mwaka jana."

"Basi umetengeneza kitu kizee kwa makusudi."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Lakini kucheza walicheza vibaya. Kila mtu alitaka kutangulia. Wa mbele alimtukana wa nyuma, wa nyuma akamwambia wa mbele arudi shule, maji yakamwagika alasiri nzima. Kilima cha pili hawakukiona.

Dalali akavua shali, akazunguka. Mimi nilikuwa napepea makaa, nawaona vizuri. Alipomfikia mtu wa mwisho mkekani, nikamwona Fundi pale mlangoni anahamisha bisibisi mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akaupangusa kwenye suruali, mara mbili, akauweka tayari. Dalali akakunja shali, akairudisha begani.

"Vidole viwili!" akatangaza. "Mchezo wa punda."

Fundi akarudisha bisibisi mkono wa kulia. Miaka yote hiyo, katika mlango wake, kwa mashine aliyoifufua yeye, hakuna aliyewahi kuchukua vidole vyake. Nami nilikuwa nimemwona. Ningesema, "Warya, wewe Dalali, umeruka mtu." Dalali ananiogopa, angerudi. Nilipepea makaa.

Kisha ikaja ile mvua kubwa, nyie mmeisikia tu. Mto ulijaa, barabara zikakatika, mifugo ikafa imesimama majini. Dalali akaenda upande wa Bura kuwatafuta ndugu zake na kilichobaki cha ng'ombe wao. Dereva akakwama Hulugho na lori lake. Waliobaki mjini, jua lilipotoka, wakaenda stendi kwenye ile mashine ya watu wanene. Mkeka wa Fundi ukabaki umekunjwa, umeegemea ukuta, mchwa wakaanza nao.

Alikuwa anapika chai yake, anamimina vikombe viwili. Kimoja anakunywa. Kingine kinapoa, anamwaga kwenye mche wa mwarobaini. Nilidhani ana nadhiri.

Alasiri moja nilisikia ule mlio wa mashine kutoka chumbani kwake. Nikachukua bakuli la maziwa, nikamwambia Hodan, mkwe wangu, aje akae nje ya mlango na sinia lake la mchele, nikaenda. Mlango ulikuwa wazi. Fundi ameketi sakafuni. Rimoti moja iko mikononi. Ya pili iko sakafuni, ameikanyaga kwa vidole vya mguu.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nabeba maji, Mama."

"Kwa mguu?"

"Wa pili hajaja."

Maji yakamwagika hapo hapo. Akaanza upya, bila kukasirika. Mguu wake ulikuwa umechubuka kwenye kidole gumba. Nikajua hajaanza leo.

Mimi nilikuwa nimeapa sitagusa kile kitu. Nikaketi kizingitini, bakuli nikaweka chini.

"Leta hiyo kamba."

Akanitazama kama nimesema Kichina. Akaipangusa rimoti kwa shati lake, akaisukuma sakafuni mpaka kwangu.

"Mimi ni yupi?"

"Wa nyuma. Mwenye kilemba chekundu."

"Mbona amesimama tu?"

"Hujambonyeza, Mama."

Nikambonyeza. Akaruka juu kama mwendawazimu, mtungi ukapasuka. Hodan akacheka hadi mchele ukamwagika. Nikamwambia aokote kila punje.

Tulimwaga mara sijui ngapi. Kisha nikatazama vizuri, nikaona kosa. Mimi nimebeba maji ya kweli kwenye kilima cha kweli, na dada yangu mbele yangu, tangu sijaota meno ya ukubwani. Nikamwambia, "Fundi, wewe wa mbele ndio unaharibu. Kwenye mpando, wa mbele anafupisha hatua. Wa nyuma ndiye anasema lini."

"Basi sema, Mama."

"Haya. Sasa. Ngoja. Sasa."

Tukapita kilima cha kwanza. Tukapita cha pili. Tulipofika katikati ya cha tatu akabonyeza kitu, vijitu vikasimama na mtungi wao, akafuta jasho.

"Hapa sijafika maishani mwangu," alisema. "Mwisho uko nyuma ya kilima hiki. Nimeambiwa kuna kisima na watu wamekaa."

Hapo nikakumbuka ule mkono aliopangusa kwenye suruali. Mkono wa mwanamume asiye wangu siwezi kuushika, hilo alijua na mimi nilijua. Nikavua shali yangu ya juu, nikaitandaza sakafuni katikati yetu.

"Huu mchezo unaupa ngapi?"

Akaenda mezani, akarudi, akaingiza mkono upande wake chini ya shali, akautoa. Nikaingiza wangu. Zilikuwa skrubu. Nikazipapasa moja moja.

"Nne."

"Nne, Mama."

"Mimi naupa moja. Maji yanamwagika mno." Akacheka. Meno yake ya pembeni nilikuwa sijawahi kuyaona. "Kwa nini si tano?"

Akanionyesha kiganja. Skrubu ya tano ilikuwa humo. "Hii mpaka tuone kisima," alisema, akaitia mfuko wa shati.

Adhana ikalia. Nikasimama, nikaenda jikoni, nikanyoosha mkono juu ya mtungi, kama kila siku. Fundi akaja nyuma yangu haraka, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Mama, samahani. Ile haikumbuki."

"Haikumbuki nini?"

"Ukizima, haikumbuki. Inaanza kilima cha kwanza."

"Si kaseti?"

"Si kama kaseti ya redio. Haina pa kuweka."

Mkono wangu ulikuwa bado juu. "Miaka yote hii," nikamwambia, "nikizima, mnarudi mwanzo?"

"Ndiyo."

"Na hukusema!"

"Ulikuwa unawaita watu kwenye swala, Mama. Ningesemaje?"

Nikashusha mkono. Alizima televisheni tu, mashine akaiacha na taa yake ndogo nyekundu. Tukaenda kuswali, kila mtu upande wake. Tulipanga kesho, baada ya alasiri.

Kesho yake asubuhi honi ya lori ikalia mlangoni. Dereva amefika, barabara imefunguka, na anarudi Hulugho siku hiyo hiyo. Redio ya zahanati ya huko imeharibika, wagonjwa hawana wa kuwaitia gari, Fundi anatakiwa sasa hivi. Akachukua sanduku lake. Akapanda mbele, akashusha kioo.

"Mama, usizime. Siku tatu, nne. Tunamalizia kilima."

"Nenda salama," nilimwambia.

Lori lilirudi siku ya saba. Dereva akashuka peke yake. Akaniambia redio Fundi aliitengeneza vizuri, ila wakati wa kurudi walisimama Bura kunywa chai, na mzee mmoja mgeni aliyekuwa hapo hotelini akasimama, akamwita Fundi kwa jina lake na jina la baba yake.

"Jina gani?" nikamuuliza.

"Edo, hata sikulishika vizuri. Nilimtazama Fundi tu. Aliweka kikombe chini. Wakashikana. Wakaondoka pamoja kuelekea upande wa chini, kwa mguu, hata sanduku amesahau, hili hapa."

"Amesema nini?"

"Amesema atarudi."

Hakurudi, na sikuletewa kaseti. Stima ilikuja kukatika yenyewe baadaye, mji mzima, kama inavyokatika huku, na hilo halikuwa mkononi mwangu. Lakini siku ile ya lori nilibeba lile sanduku mpaka chumbani kwake, nikaliweka juu ya meza, nikawasha televisheni. Walikuwa wapo. Yule wa mbele na yule wangu mwenye kilemba chekundu, katikati ya kilima cha tatu, wamesimama na mtungi umejaa. Nikaizima televisheni. Nikatoka, nikawaita wote jikoni, wanangu, Hodan, na hata msichana aliyekuwa anatuletea maziwa, nikawasimamisha mbele ya mtungi, nikawaambia:

"Swichi hii asiiguse mtu. Adhana ikilia, nendeni mkaswali, muiache ilivyo. Na mkiniona mimi nimenyoosha mkono, nishikeni."